Hodi Kwenye Boila

Mlango wa nyuma haukuwa na kasoro yoyote, lakini fundi Mwihaki alishinda mchana mzima akiufunga waya mnene uliopanda hadi darini. Musila alimtazama tu. Fundi ametoka Embulbul kuja kuwawekea king'ora kipya cha boila, na hata mlango hajauacha. Mambo ya wasomi hayo.

Kiwanda kilikuwa cha sabuni, pale Kitengela, na Musila ndiye aliyekuwa mlinzi wa boila. Presha ikipanda, kengele inalia, naye anafungua valvu ili mvuke utoke. Shida ni kwamba kengele ilikuwa imelia ovyo miaka mingi, masikio yake yakaizoea kabisa. Juzi ililia mpaka mapipa yakatetemeka, yeye anamenya chungwa.

"Kesho tunajaribu hii mpya," meneja Mugo alimwambia. "Valvu isipofunguka, Musila, uko na jembe huko kwenu?"

Jioni Musila aliporudi nyumbani alimkuta Mwihaki akinywa chai na mkewe, Muthoki. Mezani palikuwa na redio ya kurekodia kaseti. Mwihaki aliizima upesi, kisha Muthoki akacheka peke yake.

Asubuhi moto ulichochewa, mshale wa presha ukapanda mpaka kwenye nyekundu. Musila alikaa macho, mkono karibu kabisa na valvu. Leo hata kengele inong'one, ataisikia.

Kwenye spika ya king'ora kipya, juu ya mlango wa mbele, mtu alikohoa.

"Hodi humo ndani. Naingia."

Lo, mama mkwe! Mama yake Muthoki, mwenyewe kabisa. Na kwao Musila, mwanamume hakai chumba kimoja na mama mkwe. Wakikutana njiani, yeye ndiye anaingia vichakani. Tena alikuwa amevaa fulana iliyotoboka. Hakukumbuka valvu, hakumkumbuka Mugo. Aliusukuma mlango wa nyuma kwa bega, akatoka mbio hadi nyuma ya lundo la kuni.

Hapo ndipo akili ilimrudia. Kazi imekwenda, na karo ya watoto nayo. Alijishika kichwa, machozi yakamlengalenga. Angemwambia nini Muthoki?

Kisha akasikia mvuke ukifoka juu ya paa, na Mugo akipiga makofi.

"Mzee Musila," Mwihaki aliita kutoka ndani, "sasa rudi ufunge mlango, waya ulegee, valvu nayo ijifunge. Mvuke umetosha."