Rungu Lenye Waya Mwekundu

Uongozi wa hospitali ulipowakataza walinzi kubeba marungu, yote yaliletwa jikoni yawe kuni. Bi Zamoyoni, mpishi wa uji wa wagonjwa, aliyasukuma motoni moja baada ya jingine, isipokuwa lile lililozungushiwa waya mwekundu. Hilo alilijua. Mlinzi Shemboko alimvunja nalo mkono wa kushoto pale getini, siku mama huyo alipomkimbilia mwanawe mahututi kabla ya saa ya kuona wagonjwa. Mtoto akafa hajamwona.

Sasa Shemboko alisimama mlangoni na kikombe.

"Shikamoo, mama. Naomba uji."

"Marahaba, mwanangu. Ingia. Funga mlango, upepo unanizimia moto."

Akafunga. Alipogeuka, mwiko ulikuwa sufuriani peke yake, na mkono mzima wa Bi Zamoyoni ulikuwa umelikamata rungu, penye waya mwekundu.