Akiba ya Mama

"Dada, friza hii ni ya sampuli, si ya chakula." Fundi wa maabara alikuwa ameshika kopo langu la maharagwe. "Miezi saba! Akiba haiozi, lakini hii nayo..."

Nilikuwa nimeinamia hadubini, nikimtazama mtoto wa mwisho aliyebaki hai wa mnyoo wa kilindi cha bahari.

Watoto hawa hawamjui mama yao. Anayaachia mayai gizani na mikondo inayachukua. Wakianguliwa hawana mdomo wa kula; wiki baada ya wiki wanaishi kwa kile kiini alichowawekea ndani ya yai. Kikiisha kabla hawajapata mahali pa kujishikiza, basi.

Juzi kiini chake kilikuwa tone la manjano. Leo mwanga ulipita mwili mzima, mtupu kama glasi iliyooshwa. Na bado alikuwa anaogelea.

"Nilitupe?" fundi akauliza, kopo bado mkononi.

Nikalipokea kopo. Kwenye kifuniko, juu ya plasta, mwandiko wa mama ulikuwa umepinda kwa ugonjwa. Aliandika wiki moja kabla hatujamzika: *Pasha vizuri. Usiache kula.*

"Niletee kijiko," nikasema.