Bomba la Uani

"Mama, bomba halitoi maji," alisema Lusia, ndoo tupu ikiwa miguuni pake.

Hakuwahi kumdanganya mama yake kabla ya asubuhi hiyo.

Tangu mradi wa maji ulete bomba mpaka uani, mdogo wake haumwi tena tumbo, na yeye mwenyewe hachelewi shule. Mama naye amepata nafasi ya kulima kabichi na kikundi cha wanawake, ila jioni hurudi hoi, hana hata nguvu ya kuzungumza. Zamani Lusia na Mama walishuka mtoni kuchota maji, wawili tu, kila alfajiri. Njiani, kwenye baridi ile ya Mbeya, Mama alimwimbia kwa Kisafwa na kumsimulia utoto wake. Nyumbani hakuwahi kusimulia.

Mama aliweka jembe chini. Akaitazama saruji iliyolowa chini ya bomba. Tone lilining'inia kwenye koki, likadondoka, likafuata jingine.

Lusia akainamisha uso.

Mama akaikaza koki kwa mikono miwili mpaka matone yakakatika.

"Kweli, maji hakuna," alisema, kisha akafungua kitenge kiunoni, akaanza kukisokota kiwe ngata ya kujitwikia ndoo.