Nguchiro na Kikombe cha Pili

Nguchiro hakumwamini mtu, hasa jirani yake Komba. Wote wawili walikuwa na mibuni.

Matunda yalipoanza kunenepa, Nguchiro aliyachuma yote yangali mabichi. "Nikingoja yawe mekundu, Komba atanitangulia," alisema. Akayaanika, lakini kila Komba alipopita aliyaanua na kuyaficha ndani, yakashika ukungu. Siku ya kukaanga hakukoroga, maana alikuwa dirishani akimchungulia Komba. Buni zikaungua.

Siku hiyo hiyo Mama Kicheche alikuja kusikiliza posa ya Nguchiro kwa binti yake. Kwa desturi yao, mama wa binti akiomba kikombe cha pili, posa imekubaliwa.

Nguchiro akamimina kahawa. Mama Kicheche akaonja, akakiweka kikombe chini.

"Mwanangu, hii imekuwaje?"

"Ni Komba, mama! Amenibadilishia buni!"

"Ulimwona?"

"Atanipitia wapi? Tangu mavuno sijamwondolea macho!" Akaeleza alivyochuma mapema, alivyoficha, na alivyochungulia.

"Basi hukuibiwa," alisema Mama Kicheche. "Umeilinda kahawa mpaka umeiharibu. Na binti yangu je, utamlinda hivyo hivyo?"

Akaaga. Njiani akasikia harufu tamu ikitoka kwa Komba, aliyengoja matunda yake yaive na kukauka vizuri. Akabisha hodi.

Kutoka dirishani, Nguchiro alimwona Mama Kicheche akiomba kikombe cha pili.

"Si nilisema?" alinong'ona. "Yule Komba ni mwizi!"