Mwalimu Aliyefichwa Jikoni

Gari jeupe lilipopiga honi getini, Mwalimu Tunu alikuwa katikati ya kufundisha "nya". Aliweka chaki mezani, akajifunga kanga kiunoni, akatokea mlango wa nyuma na kukimbilia jikoni.

Hakuna mtoto aliyeshangaa. Jana mchana kutwa walikuwa wamefanya mazoezi.

"Mwalimu wenu ni nani?" Tunu alikuwa amewauliza.

"Mwalimu Tunu!"

"Hapana. Mwalimu Gozbert. Haya, tena."

Walirudia mpaka wakaweza. Watoto wake wa darasa la kwanza walikuwa wepesi wa kushika. Kwa miaka tisa, Tunu hakuwahi kumpandisha darasa mtoto asiyejua kusoma.

Jikoni, Mama Khalfani, mpishi wa shule, alimkabidhi mwiko. "Karibu, mwanafunzi. Koroga mpaka chini, uji wangu usije ukafeli mbele ya wageni."

Tunu alijaribu kucheka. Akaanza kukoroga.

Hakuwa na cheti cha ualimu. Kidato cha nne alipata daraja la nne, na tangu serikali iamue kuinua ubora wa walimu, vyuo vilitaka daraja la tatu kwenda juu. Aliomba mara tatu, akakataliwa mara tatu. Alichokitaka duniani kilikuwa kimoja tu: kuitwa mwalimu bila kuinamisha macho. Kisha ikaja barua kutoka wilayani, ikitaka kila shule ya Bunju iorodheshe walimu wasio na mafunzo.

"Wanakuja kufagia," Mwalimu Benedikto, mkuu wa shule, alimwambia. "Nikikuandika, kesho unauza vitumbua barabarani. Bora nikufiche, mdogo wangu. Na wewe usije ukaniumbua."

Ndivyo Gozbert alivyoitwa aje kushika nafasi yake. Alikuwa na stashahada safi ya ualimu, ila kazi yenyewe ilimshinda kabla mwaka haujaisha. Siku hizi alitengeneza simu Ubungo. Cheti chake kilikaa kwenye faili la shule mwaka mzima. Mwenyewe alikuja siku za ukaguzi tu.

Dirisha la jiko lilitazamana na darasa. Tunu alisikia kila neno.

"Habari zenu, wateja... wanafunzi!" Gozbert alianza.

Watoto wakaangua kicheko. Mama Khalfani akajiziba mdomo kwa upande wa kanga. Tunu hakucheka.

Mthibiti ubora wa shule kutoka wilayani, Bi Eliaichi, mama wa makamo mwenye miwani, alikaa dawati la nyuma na jalada lake mapajani. Hakuandika kitu. Mwisho akamwinua Salma, mtoto mdogo kuliko wote, asome ubaoni. Salma akasoma. Alipomaliza ubao akahamia kwenye bango la ukutani, na kutoka hapo akasoma maandishi ya kwenye mkoba wa Bi Eliaichi mwenyewe.

"Nani kakufundisha hivi, mwanangu?"

Mwiko wa Tunu ukasimama ndani ya sufuria.

Salma alitazama dirisha la jiko, kisha akatazama viatu vyake. "Mwalimu Gozbert."

"Usiogope. Sema kweli tu, hakuna atakayechapwa."

"Mwalimu Gozbert!" Safari hii alisema kwa sauti kubwa, kama alivyofundishwa.

Tunu akashusha pumzi. Alijisikia kama mtu aliyeokolewa na mwanawe, na papo hapo akajionea haya. Kati ya yote aliyomfundisha mtoto yule, uongo ndio alioushika haraka kuliko yote.

Bi Eliaichi alitoka na Mwalimu Benedikto, wakasimama barazani, hatua chache kutoka jikoni.

"Nakuuliza kwa mara ya mwisho, Mwalimu. Hamna hata mmoja asiye na mafunzo? Hata wa kujitolea?"

"Hamna, mama. Sie hapa ni vyeti kwanza."

"Wale watoto hawafundishwi na yule kijana. Anashika chaki kama bisibisi."

Mwalimu Benedikto alijifuta jasho shingoni. "Ndiye mwalimu wao, mama. Wamesema wenyewe."

Bi Eliaichi akafungua jalada lake. Mama Khalfani akamfinya Tunu mkono. Tunu akajibana nyuma ya mlango, akisoma kimoyomoyo dua zote alizozijua.

"Basi saini hapa, kwamba hamna."

Benedikto akasaini. Muhuri ukagonga karatasi, pa! Tunu aliusikia. Alhamdulillahi, amepona. Kesho angerudi kwenye "nya" yake.

Mgeni haondoki mikono mitupu, kwa hiyo Mama Khalfani akajaza kikombe cha uji na kumsukumia Tunu akipeleke barazani.

"Shikamoo," Tunu alisema, macho chini.

"Marahaba, mwanangu. Ahsante." Bi Eliaichi alipokea, akapuliza, akaonja. Simu yake ikaita. Akaipokea palepale, kikombe mkononi.

"Ndiyo, Gibson. Bado nipo Bunju... Hapana, nilifanya vizuri kutowaambia. Ningesema mapema kuwa serikali inawasomesha bure walimu wasio na cheti, miaka miwili chuoni, na daraja la nne haliangaliwi, kila mkuu wa shule angeniletea shemeji yake." Alikunywa tena, akatikisa kichwa. "Ile nafasi ya mwisho mpe yule dada wa Manzese. Hapa nimebembeleza mpaka nimechoka, wamesaini kwamba hawana mtu. Funga orodha."