Diski ya Wakiuru

"Mzee, usikaribie meza," fundi Ngendo alisema bila kuinua macho. "Hiyo sweta yako iko na stima."

Moffat alirudi nyuma hadi ukutani. Alikuwa amesimama pale tangu saa tatu asubuhi, na sasa ilikuwa saa tisa. Chai aliyopewa ilipoa bila kuguswa.

Binti yake, Wakiuru, wa miaka kumi na tisa, alikuwa ametoweka nyumbani siku nne zilizopita. Simu yake haikupatikana. Polisi walimwambia Moffat ati msichana ni mtu mzima, arudi nyumbani angoje. Kilichobaki ni kompyuta yake, ambayo Moffat alisema ilianguka. Kioo kilikuwa kimepasuka katikati, na diski ndani ilikataa kuzunguka. Mkewe naye angekuja, alieleza, lakini siku hizi hawezi kutoka nyumbani.

Mafundi wengine wawili hapa Nyeri walikuwa wamemwambia atupe. Ngendo alipomwona mtu wa umri wa baba yake akilia mbele ya wateja, alishindwa kumfukuza.

Diski ilihitaji kibao kingine cha saketi, kile cha kijani cha chini yake, na mjini kote kilipatikana kimoja tu, kwa Alpesh wa duka la jirani. Ngendo alijua cheche ndogo, hata ile ambayo kidole hakiisikii, ingetosha kukiua. Na mwezi wa pili hewa ya Nyeri ni kavu. Ukivua kofia, nywele zinasimama. Basi alimwaga maji sakafuni, akavua koti lake la sufi na kubaki akitetemeka, akajifunga mkononi ukanda wa kuondoa stima ya mwilini na kuubana waya wake kwenye bomba la maji. Alikishika kibao kwa kingo tu. Bisibisi iliteleza mara mbili.

Nyuma yake Moffat alikuwa akisali kwa Kikuyu, akimwomba Mungu amwonyeshe mahali tu, basi.

"Nataka tu kujua ako wapi," alisema. "Hata kama ni mbali, naenda leo leo."

Skrubu ya mwisho ikaingia. Ngendo aliiunganisha diski na mashine yake, akangoja. Kimya. Kisha ikanguruma, ikazunguka, na machozi yakamlengalenga.

Alifungua jumbe. Wa mwisho ulitumwa kwa shangazi yake aliyeishi Wang'uru, alfajiri ile Wakiuru alipoondoka:

"Shangazi, natoka sasa hivi nakuja. Mama bado hawezi kusimama, lakini amenisukuma nitoke kabla Baba hajaamka. Akikupigia, hujaniona. Ameapa sasa ni zamu yangu."

"Imewaka?" Moffat aliuliza, akianza kusogea.

Ngendo alichomoa waya wa stima ukutani.

"Pole, mzee," alisema. "Imeungua."