Mke wa Bwana Gotye

"Yaani huyo mke hakumjua mumewe?" Bibi Khole aliuliza kwa mara ya tatu, na kwa mara ya tatu akaacha kuchambua mchele.

"Kitabu kinasema hakumjua, Bibi."

Israa alikuwa na kazi ya chuo ya kukabidhi Jumamosi: maisha ya Gotye, bwana wa ngome moja Ufaransa, aliyeshona msalaba begani miaka mia tisa nyuma akaenda kupigana Sham. Akatekwa. Akakaa kifungoni katika mji wa Halab miaka kumi na sita. Kwao zikafika habari kwamba amekufa. Mkewe akamlilia, kisha akaolewa na mtu mwema, akazaa. Gotye akarudi na ndevu zilizofika kifuani, akabisha hodi kama mwombaji kwenye lango lake mwenyewe. Mke akampa mkate. Gotye akaenda zake, akachunga kondoo wa watawa ng'ambo ya mto mpaka kufa kwake, bila ya kusema neno.

Swali la mwalimu: kwa nini hakujitambulisha?

"Alipobisha hodi alisema nini?" Bibi aliuliza.

"Hakikuandika."

"Basi kaandika mwanamume."

Israa alicheka. Bibi hakucheka, sikio lake lilikuwa dirishani. Hakuwa na raha tangu Jumanne, Mzee Marhun, mwadhini wa msikiti wa nyuma ya nyumba, alipopelekwa hospitali. Kila adhana ikianza alisimamisha kazi asikilize kama karudi. Kila mara ilikuwa sauti ya kijana, anakimbiza maneno.

Mzee Marhun aliingia hapa Ibra, Oman, mwaka 1994, peke yake, akitokea Bujumbura na furushi moja. Miaka kumi sasa, kila mchana Bibi humpelekea sahani ya wali iliyofunikwa, bila ya pilipili.

"Umejuaje kama hali pilipili?" Israa aliwahi kumuuliza.

"Wazee hawali pilipili."

Babu Yaqoob, na miaka yake sabini na tisa, alikuwa akitafuna pilipili mbichi kama tango.

Leo pia sahani ilikuwepo, imefunikwa, juu ya friji. Pengine watamruhusu leo, Bibi alisema asubuhi. Akasema tena adhuhuri.

"Bibi, ungekuwa wewe Gotye, ungejitambulisha?"

"Nikamvunjie mtu nyumba yake? Na wale watoto waitwe wa nani?" Bibi alirusha chuya uani. "Gotye si mjinga. Mjinga huyo mwalimu wako."

Mlango wa nje ulifunguliwa. Mtu alizungumza na Babu kwa sauti ndogo, akaondoka.

"Khole!" Babu aliita kutoka barazani. "Marhun katutoka. Tunamzika baada ya alasiri. Tia kahawa, watu watakuja. Masikini Marhun. Hana hata mtu wa kumkalia eda."

Bibi alitia kahawa. Akaweka tende kwenye sinia, akafikisha mlangoni, akarudi kukaa mkekani. Sahani ya juu ya friji hakuigusa.

Kisha akajipaka mafuta kwenye kifundo cha mkono, akaanza kuvua bangili zake za dhahabu, moja baada ya moja, kama wanavyozivua wajane.

"Bibi! Unavua nini? Babu yu hai!"

"Shika kalamu," Bibi alisema. "Andika kwamba mke alimjua. Alimjua kwa sauti, pale pale mlangoni, akampa mkate."

Bangili ya mwisho ilikwama kwenye kidole gumba. Aliivuta mpaka ikatoka.

"Hizi nilimvulia mara ya kwanza Unguja, mwaka sitini na nne, walipokuja kuniambia amekufa."